Gari-nyumba halisomwi kwa kilomita

Mhariri,

Mjadala wa magari-nyumba uliokuwa ukiendelea katika ukurasa huu umenoga, ila umeelemea upande mmoja. Wasomaji walioko Marekani na Kanada wameandika kuhusu vitanda, majiko, bei na raha ya kulala popote. Na karibu kila aliyetaja gari analolitamani amemalizia kwa maneno yale yale: "limetembea kidogo". Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Watu wa Afrika Mashariki tumefundwa na mitumba ya Japani. Tunafungua mlango, tunasoma kilomita, zikiwa chache tunatabasamu, zikiwa nyingi tunashusha bei. Kwa gari-nyumba kubwa, lile la futi 30 hadi 45 lenye uso bapa kama basi, mazoea hayo yatakuuzia mzigo.

Piga hesabu ndogo. Gari lina miaka 15 na maili 20,000. Kwa mwendo wa maili 50 kwa saa, hizo ni saa 400, yaani siku 17 usiku na mchana. Siku nyingine zaidi ya 5,400 lilikuwa limeegeshwa. Juani, mvuani, kwenye theluji, panya wakiingia na kutoka. Injini ya dizeli ya gari kama hilo ni ileile inayofungwa kwenye malori, na maili 20,000 kwake ni kunawa uso tu. Kinachoua gari hili ni kusimama. Mipira ya milango hukauka ikapasuka. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ya jenereta hugeuka gundi. Dizeli iliyolala na maji chini ya tangi huota utelezi unaoziba filta. Panya hutafuna nyaya nyuma ya dashibodi, mahali ambapo fundi hulipisha kwa saa. Ndiyo maana oili ya injini hubadilishwa kila mwaka hata gari likiwa halijafikisha maili zilizoandikwa kitabuni: unyevu na asidi vinafanya kazi hata gari likiwa limelala.

Kwa hiyo anayenunua asome vitu vitatu kabla ya kilomita: paa, tarehe za matairi, na karatasi ya uzito. Vingine vyote vinafuata.

Kwanza, tusichanganye aina. Magari-nyumba makubwa ya petroli mengi hujengwa juu ya chesi (fremu yenye injini na magurudumu) ya Ford F-53, injini ikiwa mbele karibu na miguu ya dereva. Ya dizeli huwa na injini nyuma, chini ya kitanda cha chumbani, chesi ikiwa mara nyingi ya Freightliner au Spartan, giaboksi ya Allison, breki za upepo na mifuko ya hewa badala ya springi. Viwanda vingi viko Elkhart, jimbo la Indiana, na miji ya jirani. Jina kubwa lililobandikwa ubavuni ni la aliyejenga nyumba tu. Chesi, injini, jenereta, friji, chaja na jeki za kusawazisha kila kimoja kina mtengenezaji wake na namba yake, na vipuri hutafutwa kwa namba hizo. Mwenye gari aziandike zote kwenye daftari moja siku ya kwanza, kabla stika hazijafifia.

Sasa paa. Ukuta wa gari hili ni kama sandwichi: karatasi nyembamba ya faibaglasi nje, ubao mwembamba nyuma yake, sponji ngumu katikati, ubao tena ndani, vyote vimeshikwa kwa gundi. Maji yakipata tundu la sindano pembeni mwa kitundu cha hewa au mguu wa antena, hayadondoki palepale. Hutembea juu ya dari, hufuata fremu, na hutokea mita mbili mbali. Ukiona doa kwenye dari, ubao wa ndani umeshakula maji kwa miezi.

Namna ya kulitambua hilo haihitaji mashine. Nenda asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa chini. Simama kwenye kona ya nyuma, weka shavu karibu na ukuta, uangalie urefu wote wa ubavu. Ukuta mzima umenyooka kama kioo. Ulioachia gundi unavimba kama chapati kwenye chuma, hasa chini ya madirisha na karibu na kona ya nyuma. Gonga kwa kifundo cha kidole: penye uzima panalia kwa ukavu, palipoachia panalia kama boksi tupu. Halafu ingia ndani. Fungua makabati yote ya juu, ingiza mkono hadi kwenye pembe ambako dari hukutana na ukuta, bonyeza kwa dole gumba. Inua godoro. Kanyaga kwa nguvu sakafu ya mlangoni, mbele ya choo na pembeni mwa bafu. Sakafu ikibonyea kama mkate, ondoka na asante yako. Kipima unyevu chenye meno mawili kinauzwa kwa bei isiyozidi chakula cha jioni cha watu wawili. Pima kwanza mahali unapojua ni pakavu, kisha linganisha na pembe zote.

Aliyekwisha nunua apande paani kila baada ya miezi mitatu, kwa magoti na ubao chini yake, wala asitembee kama yuko sokoni. Paa nyingi ni za mpira. Huoshwa kwa maji na sabuni; dawa yoyote yenye asili ya petroli huuvimbisha mpira ukaachia ubao. Pa kukagua ni kwenye viungo: kila kitundu cha hewa, dirisha la juu la bafu, viyoyozi, antena, na mshono ambapo kofia ya mbele hukutana na paa. Gundi ya kuziba iliyopasuka hubanduliwa kwa kisu cha plastiki, panafutwa kwa spiriti, panaachwa pakauke kabisa, ndipo inamwagwa mpya, ile inayojisawazisha yenyewe, mpaka ifunike vichwa vyote vya skrubu na kuvuka mshono kwa inchi moja kila upande. Pembeni, mahali pa wima, hutumika ile nzito isiyotiririka. Na hapa naomba mafundi wetu wanisikie: si silikoni. Silikoni tumeizoea kwa masinki na vioo, lakini juu ya paa hili haishiki muda mrefu, na ikishapakwa hakuna gundi nyingine itakayokubali kukaa juu yake. Anayekuja baada yako atakwangua siku nzima akikutaja.

Matairi. Ubavuni mwa kila tairi la Marekani kuna herufi DOT na msururu wa namba. Nne za mwisho ndizo tarehe. Ukiona 2318, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mara nyingi msururu kamili uko upande mmoja tu wa tairi, na upande huo unaweza kuwa wa ndani, kwa hiyo chungulia uvunguni kwa tochi. Usikubali kuoneshwa kina cha meno. Tairi la gari-nyumba karibu haliishi meno. Linakufa kwa umri, mpira unakauka na nyuzi za ndani zinaachia. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kwamba likitimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 litoke hata kama linang'aa. Wengi wenye magari haya hawafiki huko, hubadilisha kati ya miaka 6 na 7, hasa yale mawili ya mbele. Tairi la mbele likipasuka kwenye mwendo wa maili 65, gari linavutwa upande huo na tani zake zote. Kosa analolifanya dereva mgeni ni kukanyaga breki. Kinachotakiwa ni kushika usukani kwa nguvu, kuendelea kukanyaga mafuta kwa kitambo kidogo ili gari linyooke, kisha kuachia polepole.

Matairi pacha ya nyuma nayo yana ujanja wake. Lile la ndani halionekani na halifikiki, kwa hiyo ndilo linalokaa bila upepo. Pacha mmoja akilegea, mwenzake hubeba mzigo wote, hupata moto, na wanakwenda wote wawili. Vipande vikiruka hubomoa bomba la maji machafu, nyaya na sakafu ya kabati. Vifaa vya kupima upepo vinavyofungwa kwenye vali na kutuma taarifa kwa dereva si anasa kwenye gari hili. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya kutembea, tairi likiwa la baridi. Ukipima mchana baada ya safari ukakuta umepanda, usiupunguze; ni joto, na ukiupunguza umelifanya tairi lisafiri legevu kesho yake. Gurudumu likifunguliwa, nati zake hukazwa kwa spana yenye kipimo. Kwa zile kubwa za milimita 22 zinazotumika kwenye chesi nzito, ni futi-pauni 450 hadi 500, na hukazwa tena baada ya maili 50 hadi 100. Fundi wa barabarani anayekaza kwa mashine ya upepo peke yake na kukuambia "imekamata" hajapima kitu.

Lakini upepo kiasi gani? Swali hilo halijibiki bila mizani, na hapa ndipo walio wengi hukosea kwa miaka mingi bila kujua. Dereva yeyote wa lori Afrika Mashariki anajua mizani ya barabarani ni nini. Mwenye gari-nyumba hadhani kuwa inamhusu. Ndani ya gari, mara nyingi karibu na kiti cha dereva au ndani ya kabati, kuna stika inayotaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari zima, na wa kila ekseli. Tuseme stika inasema pauni 22,000 na gari tupu kutoka kiwandani lina 20,000. Umebakiwa na 2,000, kama kilo 900. Jaza tangi la maji safi la galoni 75: karibu lita 284, na kila lita ni kilo moja. Weka watu wanne, kilo 300. Umeshatumia 584. Bado sufuria, nguo, chakula, jenereta ndogo uliyoongeza, baiskeli nne nyuma, na begi la vipuri. Gari limezidi uzito kabla halijatoka uani, na baiskeli zile zimening'inia mbali nyuma ya ekseli, kwa hiyo zinainua pua na kupunguza mshiko wa matairi ya usukani.

Njia ni kupakia kila kitu kama unavyosafiri, mafuta na maji yakiwa yamejaa, na kupita kwenye mizani ya malori iliyo kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Utapewa uzito wa kila ekseli. Ukipata mahali pa kupima kila gurudumu peke yake, bora zaidi, kwa sababu jiko, friji na chumba cha kusukuma nje (sehemu ya ukuta inayosukumwa nje gari likiegeshwa ili nafasi ipanuke) vinaweza kukaa upande mmoja vyote. Chukua uzito wa upande ulio mzito zaidi wa kila ekseli, fungua jedwali la mtengenezaji wa tairi lako, soma upepo unaotakiwa, na uutie huo kwa matairi yote ya ekseli hiyo. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni ya mzigo wa mwisho wa tairi, si ya gari lako. Ukiitia hiyo kwa gari jepesi litarukaruka na breki zitashika vibaya.

Umeme unaunguza vitu kuliko radi. Gari kubwa huja na kebo ya ampia 50, yenye njia mbili za volti 120, kwa hiyo jumla yake ni wati 12,000. Gari dogo zaidi huwa na ampia 30 na njia moja, wati 3,600. Kiyoyozi kimoja cha paani hula ampia 13 hadi 16. Hesabu ni yako: kwenye ampia 30, kiyoyozi, hita ya maji ya umeme na maikrowevu havikai pamoja. Hatari kubwa iko kwa anayejengewa soketi nyumbani. Soketi ya ampia 30 ya gari-nyumba ni ya volti 120, lakini fundi wa nyumba akiiona anadhani ni ya mashine ya kukaushia nguo, anaifunga kwa volti 240. Ukichomeka, chaja, maikrowevu na bodi ya friji vinaondoka kwa pamoja. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, siku zote. Kifaa cha kulinda umeme, ndugu mkubwa wa friji gadi tunayoijua nyumbani, kiwe kile kinachokata pia volti zikishuka. Kambini mchana wa joto, kila mtu akiwasha viyoyozi, volti zinaweza kuporomoka chini ya 104, na kompresa ya kiyoyozi hufa kwa volti ndogo polepole bila kelele.

Jenereta iwashwe kila mwezi, saa mbili, ikiwa na mzigo wa kama nusu ya uwezo wake. Kiyoyozi kimoja au viwili vinatosha. Kuiwasha dakika tano bila mzigo ni kuidanganya. Betri za risasi zisishuke chini ya nusu, kama volti 12.1 zikiwa zimetulia, na ziongezewe maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, si ya bomba. Anayetaka kuhamia lithiamu ajue kwamba hazipokei chaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi bila kuharibika, na kwamba alteneta ya gari inaweza kuungua ikilazimishwa kuzijaza bila kifaa cha kuizuia. Chumba cha kusukuma nje kisiguswe betri zikiwa hoi: mota zikikosa nguvu upande mmoja, chumba kinaingia kimepinda na kung'ang'ania, kikiwa nusu ndani nusu nje.

Choo kitajwe, maana makala za kupendeza hukiruka. Kuna tangi la maji safi, la maji ya kuoshea (yaliyokwisha tumika kwenye sinki na bafu), na la choo. Kosa la kila mgeni ni kuunganisha bomba kambini na kuacha vali ya tangi la choo wazi "ili yajiendee". Yanayojiendea ni maji tu. Yaliyo mazito yanabaki, yanakauka, yanajenga kichuguu chini ya bomba la choo, na kichuguu hicho hakivunjwi kwa dawa wala maombi. Vali ifungwe mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili. Fungua la choo kwanza, acha liishe, ndipo ufungue la maji ya kuoshea lisafishe bomba. Funga, mimina lita 15 hivi za maji safi kwenye tangi la choo lianze upya likiwa na majimaji. Glovu. Na bomba la kunywa lisihifadhiwe kabati moja na bomba la choo, ingawa wengi wanalifanya hilo bila haya.

Tangi la maji safi hutiwa klorini ya kawaida ya nguo isiyo na manukato, mililita 60 kwa kila lita 57, pampu iwashwe mpaka kila koki itoe harufu, ilale usiku, kisha isuuzwe mpaka harufu iishe. Kambi nyingine zina presha kubwa ya maji, kwa hiyo weka kidhibiti cha psi 45 hadi 55 palepale kwenye koki ya kambi, ili hata mpira wa nje ulindwe.

Friji ya gesi haina kompresa. Inachemsha amonia na kuiacha ishuke kwa uzito wake, ndiyo maana inataka gari liwe sawa: si zaidi ya nyuzi 3 kulia au kushoto ukiitazama friji usoni, wala 6 mbele au nyuma. Likiegeshwa kwenye mwinamo, kimiminika kinakwama kwenye kichemsho, bomba linaungua kwa ndani kidogo kidogo, na siku moja unafungua mlango unapokewa na harufu ya amonia. Ukiona unga wa manjano nyuma yake, zima gesi na umeme wake na usiiwashe tena. Tangi la gesi hujazwa asilimia 80 tu, liwe na nafasi ya kupanuka. Vitambuzi vya gesi na vya hewa ya sumu (kaboni monoksidi) vina tarehe mgongoni. Vingi huisha baada ya miaka 5 hadi 7, hata vikiendelea kuwaka taa ya kijani.

Mwenye dizeli ya nyuma ana ugonjwa wake maalumu: gari linachemka mlimani. Anabadilisha thamostati, anabadilisha pampu ya maji, bado linachemka. Rejeta mara nyingi iko nyuma kabisa, inavuta vumbi lote linaloinuliwa na matairi, na bomba la kupumulia la injini linaitemea mvuke wa oili. Vumbi na oili vinakuwa blanketi. Ukisimama nyuma ya gari unaona rejeta safi, kwa sababu uchafu umekaa upande wa ndani, unaotazama feni. Ingia kwa mlango ulio chini ya kitanda, nyunyizia dawa ya kuyeyusha mafuta, subiri, suuza kwa maji ya presha ndogo, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mashine ya kuoshea magari itakunja mapezi ya rejeta na kazi itakuwa imeisha vibaya. Kisha refusha bomba lile la kupumulia lipite nyuma ya feni. Na asiingie mtu uvunguni mwa gari la mifuko ya hewa kabla ya kuweka stendi za chuma kwenye chesi. Upepo ukitoka, gari linashuka ghafla na halipigi honi.

Breki za upepo zina jaribio fupi la asubuhi. Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki kwa nguvu dakika moja: sindano isishuke zaidi ya psi 3. Achia na ukanyage mara kwa mara: kengele ilie upepo ukikaribia 60, na ukiendelea, breki ya kuegesha iruke yenyewe mahali fulani kati ya 45 na 20. Kwenye mteremko, wanaoujua Kitonga au Salgaa hawahitaji somo. Gia nzito kabla ya kuanza kushuka, egzosi breki (ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo) imewashwa, breki za mguu kwa vipindi vifupi. Mwenye gari la petroli hana egzosi breki, kwa hiyo anategemea gia peke yake, na wengi hukumbuka hivyo wakati tayari wananusa breki zikiungua.

Kona hufundisha wanaotoka kwenye magari madogo. Gari hili lina mkia mrefu nyuma ya ekseli, na ukikata kulia mkia unafagia kushoto: kwa kila futi 3 za mkia, futi 1 ya kufagia. Mkia wa futi 12 unakwenda futi 4 pembeni, unatosha kuangusha pampu ya mafuta. Urefu wa juu uandikwe kwa namba kubwa kwenye dashibodi, viyoyozi vikiwemo. Mengi yako kati ya futi 12 na 13 na nusu. Anayevuta gari dogo nyuma, magurudumu yake yote manne yakiwa chini, asirudi nyuma hata kidogo, kwa kuwa magurudumu ya mbele ya lile dogo yatajikunja na kupinda chuma. Gari hilo liwe na breki zake, na kitabu chake kiwe kimeruhusu kuvutwa hivyo. Giaboksi nyingi za otomatiki hufa njiani bila mafuta kuzunguka.

Si kila njia inalipokea gari hili. Kwenye hifadhi ya Glacier, Montana, barabara maarufu ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21 kwenye sehemu yake ya mlimani. Daraja la Chesapeake Bay huko Virginia lina mahandaki chini ya bahari, na gesi lazima ifungwe kabla ya kuvuka. Leseni nayo si moja: Texas inataka daraja B kwa gari linalozidi pauni 26,000 hata kama ni la familia, na California inaitaka kwa gari-nyumba lililozidi futi 40.

Baridi ikikaribia, maji yote yatolewe. Ruka tangi la hita kwa vali zake, vuta lita 8 hadi 12 za dawa ya waridi ya kuzuia mabomba yasigande kupitia pampu mpaka kila koki, bafu na choo vitoe rangi hiyo, na mimina kikombe kwenye kila tundu la sinki. Ile ya kijani ya rejeta ni sumu, isikaribie mabomba ya kunywea.

Mwisho, wanaouliza kulipakia melini hadi Mombasa. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto ila la kazi maalumu, na gari lililotumika lisizidi umri wa miaka 8. Hata pale karatasi zinapowezekana, vyombo vikubwa vya umeme vilivyomo ndani ni vya volti 120 na mzunguko wa 60 kwa sekunde, na ukutani kwetu ni 230 au 240 na 50. Mkia wa futi 12 utalala juu ya tuta la kwanza la kijijini. Na mlango wa abiria uko ubavu wa kulia, kwa hiyo barabarani kwetu mama na watoto watashukia upande yanakopita magari.

Fundi wa magari makubwa,
Texas, Marekani